Unga wa Magoti

Watafiti wa hospitali walipokuja mtaani kwetu Kiwanjani kutafuta wanawake wanaoishi peke yao, majirani waliwaelekeza moja kwa moja kwenye mlango wangu. Walitaka kututoa damu asubuhi, wapime homoni ya mawazo. Daktari Ntinyari, msichana wa Kimeru mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba homoni hiyo inatoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Mtu akisumbuka sana, inajaa kwenye damu. Mimi nimepasua mbuzi tangu nikiwa mdogo na figo nazijua, lakini hizo kofia sikuwahi kuziona. Nadhani nilizikaanga pamoja na mafuta.

Nilikubali kwa sababu yangu mwenyewe. Tangu mume wangu Jattani arudi kwa Mola wake, watu wananiambia, "Mama Tiya, wewe uko imara." Tiya, binti yangu aliyeolewa Merti, akipiga simu ananiambia hivyo hivyo. Mimi huitikia tu alhamdulillahi. Mtu akilalamika sana anaonekana kama anamdai Mungu. Sasa nikajiambia, damu itasema yenyewe, na mimi sitakuwa nimelalamika.

Majibu yakarudi.

"Yako iko chini sana, mama," daktari akasema. "Chini kuliko ya mtu yeyote tuliyempima."

"Maana yake sina mawazo?"

"Ndiyo tunajiuliza."

Nikainuka nikatoka. Ilikuwa kama shahidi wangu amesimama mbele ya kadhi akanikana.

Aliyenifuata nje ni Nakuam, muuguzi anayetoa damu, Mturkana wa upande wa Ngare Mara. Alishika mkono wangu akaugeuza. Pale alipochoma sindano wiki iliyopita palikuwa bado na alama nyeusi.

"Mama, uso wako umejaa, lakini mikono imekonda. Unameza dawa gani?"

"Simezi dawa."

"Hata kidogo?"

"Dawa ni ya hospitali. Nikimeza nitajua."

"Na ya kienyeji?"

"Hiyo si dawa. Ni unga wa magoti tu. Natia kwenye maziwa, nasema Bismillahi, nakunywa. Bila huo siwezi kusujudu."

Nakuam akacheka mpaka akaweka mkono mdomoni. "Na huo unga wenyewe, mama, umeambiwa kwamba si dawa?"

Nikamletea kidogo kwenye karatasi, wakaupima. Ndani ya mizizi iliyosagwa mtu alikuwa ametia dawa kali ya hospitali, inayofanana na ile homoni. Mwili ukiona inaletwa kutoka nje kila siku, zile tezi zinalala, haziamki tena kufanya kazi. Daktari alinikataza kuacha ghafla. Nikiugua bila hiyo homoni ninaweza kuanguka nikafa. Akanipa vidonge vya kupunguza polepole.

Kisha akauliza, "Nani anakuuzia? Lazima kuna wanawake wengine wanaounywa."



Anayeniletea ni Farhiya, mwanamke wa Kisomali. Anapita na kikapu chake nyumba kwa nyumba, na kwangu anafika Alhamisi. Ananiita eedo, kama shangazi wa kwao. Wengine wakija wanasimama mlangoni. Yeye anaingia, anavua viatu, anakaa kwenye kiti cha Jattani bila kuogopa. Ndiye mtu pekee anayelitaja jina lake. "Jattani angekuwa hapa angesema hii chai ni maji ya kunawa," anasema, na mimi nacheka kwa sababu ni kweli angesema. Jirani zangu hawamtaji, wanaona wananisaidia.

Nikimtaja Farhiya, Alhamisi yangu imekwisha.

Nilimtaja, lakini nikamwomba daktari aniache nizungumze naye kwanza. Akasema sawa, lakini baada ya hapo watu wa afya watamwendea.

Alhamisi akaja. Nikamimina chai, nikangoja anywe. Niliona si vizuri kumpa mtu habari kama hiyo akiwa na kiu.

"Farhiya, ule unga una dawa ndani. Umelaza damu yangu."

"Nani amesema?"

"Wameupima."

"Eedo, mimi naununua kwa gunia! Mimi ndiyo nasaga?"

"Najua huku—"

"Wallahi mamangu mwenyewe anakunywa!"

"Basi asiache ghafla. Mpeleke wampunguzie. Watakuuliza unakonunua, waambie. Mimi nimeshakutaja."

Alinitazama kama mtu aliyekanyaga mwiba nyumbani kwake. "Mimi nakaa na wewe wakati hata watoto wako hawakai. Na wewe unanipeleka kwa watu wa sindano."

"Nimekwambia kwa mdomo wangu, usisikie kwa mwingine."

"Ahsante kwa chai," akasema. Kikombe alikiacha nusu.

Hakurudi. Vidonge vilipopungua, magoti yalianza kunidai yote niliyoyaficha, na sasa naswali nimekaa kwenye kiti. Kiti chenyewe ni cha Jattani. Hakuna mwingine anayekikalia. Alhamisi nilikuwa bado naweka vikombe viwili, halafu nakirudisha kimoja kikiwa kikavu.

Baada ya miezi kadhaa, Nakuam alinitoa damu tena. Safari hii majibu aliniletea mwenyewe, anatabasamu. "Mama Tiya, tezi zimeamka! Homoni inapanda."

"Kwa hiyo sasa nina mawazo?"

"Sasa una ya kukutosha."

"Hayo nilikuwa nayo," nikamwambia. Alinishika bega, akakaa hivyo kidogo, kisha akaitwa ndani.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nafagia mbele ya nyumba. Farhiya akatokea upande wa pili wa barabara, anamwongoza mama mzee aliyejaa uso kama mimi nilivyokuwa. Walikuwa wanaelekea hospitali. Kikapu hakuwa nacho. Hakuvuka. Lakini alipofika usawa wangu alisimama kidogo, akasema, "Salaam aleikum, eedo," akaendelea kutembea.

Niliitikia kwa sauti kubwa, mpaka jirani akachungulia, ili asije akadhani sikusikia. Kisha nikaingia ndani, nikatoa vikombe viwili. Cha pili nilikiacha mezani.