Sweta la Inchi Arobaini na Mbili

Umewahi kumpima kifua mtu uliyelala naye chumba kimoja miaka arobaini na moja, ukaogopa kuitazama tepu?

Bibi mfumaji aliizungusha tepu chini ya makwapa ya mumewe, akazikutanisha ncha zake kwa mbele, kidole gumba kikiwa juu ya namba. Hakuangalia. Alijifanya anamsikiliza Kasuku, mjukuu wa miaka kumi, ambaye tangu asubuhi hajafunga mdomo.

"Bibi, kule mlimani ukipumua unatoa moshi, kweli?"

"Kweli. Mlinzi wa nyumba ya wageni kasema mwenyewe kwenye simu."

"Bila sigara?"

"Bila sigara. Simama vizuri, mzee."

Mzee alikuwa amesimama vizuri kupita kiasi. Kifua amekijaza pumzi kama mtu anayejiandaa kupiga mbizi, mashavu yamemvimba. Hapo ndipo bibi aliposhusha macho. Thelathini na tisa. Akapitisha kidole kunyoosha kola ya shati, akakuta kola nyingine chini yake, na chini ya hiyo, nyingine tena. Mashati matatu, na jua la siku ile lilikuwa linachoma hadi ndani.

Kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mzee ulikuwa na namba moja tu, imeandikwa mwaka hadi mwaka kwa kalamu za kila rangi: arobaini na mbili.

"Ngapi?" mzee aliuliza, akiiachia ile pumzi.

Kazi yake kabla ya kustaafu ilikuwa kusoma mita za maji. Miaka thelathini aliinama kwenye kuta za watu, akisoma namba ndogo nyuma ya kioo chenye ukungu. Hii ilikuwa chini ya pua yake. Alikuwa ameshaisoma.

"Arobaini na mbili," bibi alisema, akaandika.

"Si nilikwambia tumia ya zamani? Unajisumbua bure."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Safari ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata: siku tatu mlimani, babu, bibi na wajukuu wawili, kwa kuwa shule zimefungwa na mama yao hakupata likizo. Wazo lilikuwa la mzee. Alipanga ratiba kwa rula nyuma ya karatasi ya kalenda, akaibandika kwenye mlango wa jikoni. Saa kumi na mbili asubuhi, kituo cha basi. Saa tano, mikate na chai ya chupa. Jumamosi, maporomoko. Jumapili, kurudi.

Bibi aliisoma kila asubuhi akisubiri maji yachemke. Ijumaa ya wiki ile ile akakuta imeongezwa. Mbele ya neno maporomoko mzee alikuwa ameandika, "Bibi na watoto. Babu atasubiri." Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mtu asiyetaka zisomwe, "Zahanati ya karibu, kilomita kumi na moja."

Maji yalichemka hadi yakaanza kukauka. Kijiko, mdogo wake Kasuku, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna sahani inayomshinda, ndiye aliyekuja kumwambia.

Tangu hapo akaanza kuona, na kila alichokiona kilimkata maini. Mkanda wa mzee ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, na ncha yake ndefu imefichwa chini ya shati. Nyama za mzee zilihamia kwa Kijiko, moja moja, kwa utani: "Kula, wewe ndiye utakayenibeba." Asubuhi, akishavaa kiatu kimoja, alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuvaa cha pili. Mambo haya hayakuanza jana. Alikuwa wapi siku zote hizo?

Hata hivyo alifuma kwa arobaini na mbili. Aliketi kwenye mashine yake karibu na dirisha, akisukuma mkono wa mashine kwenda na kurudi, na kila safu aliihesabu kwa sauti ya chini. Aliona kwamba akipunguza hata vitanzi kumi, yeye ndiye atakayekuwa amemkondesha. Wakati mwingine mkono ulisimama katikati ya safu, akatega sikio chumba cha pili. Akimsikia mzee anakohoa, aliogopa. Asipomsikia, aliogopa zaidi.

Jumapili mchana masweta yakawa tayari. La Kasuku lilimkaa sawasawa, la Kijiko likambana kidogo tumboni. Mzee akaingiza kichwa katika lake, sweta la kijivu, zito, lenye kola ya kukunja. Likashuka, likaning'inia.

"Babu," Kasuku alisema, "na mimi naenea humo."

"Ingia basi tupunguze nauli."

Wakacheka. Kijiko akaingiza mkono kwa chini, ukapanda hadi kwapani kwa babu yake bila kugusa kitu. "Upepo utapita hapa," alisema, akiutikisa mkono. "Babu, wewe utasikia baridi."

Bibi ndiye pekee ambaye hakucheka. Miaka yote aliwaambia wateja kwamba sweta pana halishiki joto, hata uzi uwe mzito namna gani. Na hili amelifuma mwenyewe, kwa mikono yake, kumpeleka nalo mtu huyu mahali pa kutoa moshi mdomoni.

"Nendeni uani mkajaribu mabegi yenu," aliwaambia watoto.

Walipotoka alimvua mzee sweta kama anavyomvua Kijiko, kwa kulivuta juu. Akachukua mkasi, akakata mshono wa ubavuni, akatafuta mwisho wa uzi.

"Unafanya nini, mama? Limeshakwisha hilo."

"Leta mikono."

Mzee akainyoosha mikono mbele, viganja vikitazamana, kama alivyofanya tangu walipooana kila alipotakiwa kushika uzi. Bibi akavuta. Safu zikafumuka moja baada ya nyingine kwa mlio mdogo, uzi ukitoka umejikunja, naye akiuzungusha kwenye mikono ile. Kule uani Kasuku alikuwa akimfokea mdogo wake apande ngazi taratibu, huo ni mlima, si kitanda.

Nusu ya sweta ilipokwisha, bibi akauvua uzi mikononi mwa mzee, akashika tepu.

"Vua mashati. Yote."

Alivua. La kwanza, la pili, la tatu. Safari hii hakujaza pumzi.

"Thelathini na sita," bibi alisema. "Tangu lini?"

"Kabla ya mvua."

"Umekwenda kupimwa?"

"Nilikwenda. Daktari kaniambia nirudi Jumanne na mtu wa nyumbani." Alikuwa akitazama ukutani. "Nikasema tutoke kwanza. Watoto wauone mlima wakiwa na babu yao, wasiende na mgonjwa."

"Jumanne hii?"

"Hii."

Bibi alimvisha shati moja, akamfunga vifungo hadi juu. Akamrudishia uzi mikononi, akaendelea kufumua hadi mwisho. Kisha akafungua daftari, akafuta ile namba ya Jumatano kwa mistari miwili.

"Tutakwenda Jumanne," alisema. "Basi litatusubiri au lisitusubiri." Akaandika thelathini na sita, akavuta kiti hadi kwenye mashine.

Mzee alibaki ameinyoosha mikono, uzi wa kijivu umeijaa.

"Weka thelathini na tisa," alisema.

"Nimekupima sasa hivi, mzee. Litaingiza upepo."

"Weka tu."

"Kwa nini?"

Mzee akamtazama.

"Nataka kupona."