Jeshi Lililonikeshea

Nalaza kichwa juu ya cherehani baada ya adhuhuri, dakika mbili tu, najiambia, maana Idd iko mlangoni na kanzu arobaini bado hazina mikono. Jana daktari kaniambia, Bi Mwanakheri, presha ikipanda tena utaanguka. Nikamjibu niko salama, nikarudi kazini. Basi macho yanajifumba, na kitambaa kilicho mbele yangu kinarefuka, kinakuwa barabara nyeupe, nami natembea juu yake peku. Haiishi. Kila nikikata kona nakuta mji uleule, nyumba zinatazamana kama vioo, na kwenye kila kizingiti nimesimama mimi, namsalimu mimi ninayepita, habari yako? Salama, najibu. Na kila nikisema salama, mlango unafungwa pwaa! na barabara inaongezeka. Ebo! Mji gani huu usio na adabu?

Anatokea mtu asiye na uso, futi kamba shingoni, ananipima mabega bila hata hodi. Yamepanda hadi masikioni, anasema. We, nitoe hapa, namwambia, nina kazi za watu! Kitendawili, anasema. Sina muda huo! Kitendawili, anarudia, nami kwa mazoea najikuta nasema tega. Jeshi langu linamlinda mtu dhidi ya adui aliyekwishaondoka. Nafikiri, nashindwa. Nipe mji, anasema. Chukua huuhuu, siutaki! Naye anauchukua kweli, anaukunja nyumba kwa nyumba, anauweka kwapani.

Lahaula! Chini yake kuna uwanda usio na mwisho, na wamesimama walinzi maelfu kwa maelfu, mikuki mikononi, macho mekundu. Ardhi inadunda, na mdundo huo naujua, ni moyo wangu. Wamebomoa ghala la chakula wakaliwasha moto ili wapate mwanga. Nimeduwaa. Sijui kama kuna mtu amewahi kulindwa hivi. Hawa ni wa nani? Wako, anasema asiye na uso, hawajalala tangu mama yako alipofariki nawe ukarudi kwenye cherehani siku ya tatu. Hakuna aliyewaambia wapumzike. Wallahi nawaonea huruma hadi machozi. Mlinzi wa mbele ananigeukia, hali yako, bibi? Salama, nasema, na mikuki yote inainuka kwa mpigo mmoja, kifua kinanibana, pumzi inakatika. Yarabi, nitafia hapa. Si salama, nasema. Nimechoka. Namtaka mama yangu. Naogopa kuanguka. Mkuki mmoja unashuka, kisha wa pili, kisha uwanda mzima, na mdundo unapoa mpaka nasikia majani yakitikiswa na upepo. Kimya kikubwa hivyo sijapata kukisikia, nami napiga magoti.

Nainua kichwa. Cherehani hii hapa, kanzu hizi hapa, na mume wangu Shekue kasimama mlangoni na chupa ya maji. Mama Rehani, habari za mchana? Nzuri inanifika ulimini, naimeza. Si nzuri, namwambia. Ananitazama, anatafuta pa kukaa, anakaa sakafuni. Hata mimi, mke wangu, anasema, muda mrefu sasa. Namkodolea macho, sijui kama nimeamka, maana katika dunia ninayoijua mimi, miaka kumi na moja ya ndoa, mwanaume huyu hajawahi kunijibu hivyo.