Kitovu cha Gari

Mkasi halikuwa jina alilopewa na mama yake. Alilipata gereji, siku zile magari ya mtindo mpya yalipoanza kuingia mjini na mipira ya ajabu chini ya boneti. Mjumbe wa kampuni iliyoyaleta aliwakusanya mafundi akawaeleza taratibu. Injini ikizunguka, alisema, moshi kidogo hupenya kando ya pistoni ukashukia kwenye oili. Magari ya zamani huumwaga chini kwa kibomba, ukabaki barabarani kwa ajili ya pua za watu. Haya mapya yana mpira wenye valvu ndogo. Unaufyonza moshi ule na kuurudisha ndani, uungue pamoja na petroli.

Mafundi walicheka wakashika mbavu.

"Yaani gari linakula ushuzi wake lenyewe?" aliuliza Mkasi, na baada ya hapo nani tena wa kumsikiliza mjumbe?

Mkasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukata mpira ule. Aliona unapeleka uchafu kwenye kabureta na kulifanya gari lizubae. Tundu la upande wa kabureta aliliziba kwa kipande cha mpini wa ufagio kilichopakwa rangi nyekundu, hiyo ikawa alama yake. Mdomo wa injini akauacha wazi, "upumue". Mafundi wakauita mpira ule kitovu, na gari likishakatwa husema limezaliwa. Wenye magari wakamiminika. Asiyekata alichekwa kama dume zima linalobebwa mbeleko. Mipira ikaning'inia kwenye misumari ya gereji kama utumbo buchani.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, mshonaji wa nguo, naye akakatiwa. Hazikupita siku nyingi akarudi amekunja uso.

"Shemeji, gari linanuka. Macho yananiwasha, na nguo za wateja zinanuka moshi."

"Hilo sasa ni dume, shemeji. Dume hunuka kikwapa. Ukitaka manukato, panda baiskeli."

"Nirudishie mpira wangu."

"Nikutafutie wapi katika utumbo wote huu? Nenda bwana, utazoea."

"Haya. Mkuki kwa nguruwe," akasema shemeji, akaondoka zake.

Sasa Mkasi alikuwa na binti, kitindamimba wake, mwenye pumu. Mtoto mcheshi, akicheka sana kifua kinapiga filimbi. Asubuhi moja filimbi ile ikaanza bila kicheko. Dawa ya kijiko ikatapikwa. Maji ya moto ya kuvuta mvuke hayakufua dafu. Mabega ya mtoto yakawa yanapanda na kushuka, na ngozi ya shingo inaingia ndani kila anapovuta.

"Baba watoto, tusingoje," mkewe akasema. "Kaka yuko nje na gari."

Wakaingia. Shemeji akashika usukani, Mkasi kando yake, mama na mtoto nyuma. Walienda vizuri mpaka chini ya mlima wa hospitali, na hapo wakakuta foleni; lori lilikuwa limekufa katikati ya barabara huko juu. Magari yakasimama pua kwa mkia, injini zikinguruma, honi juu ya honi.

Gari likiwa linakwenda, upepo ulikuwa unaipunguza harufu. Liliposimama, ikaingia ndani yote, harufu ya oili iliyoungua, nzito, inayokwaruza koo. Mkasi aliijua tangu ujana wake wala haikuwahi kumsumbua. Mtoto akakohoa, akatafuta pumzi, akakosa.

"Fungueni vioo!"

Vikafunguliwa. Moshi wa magari ya mbele ukaingia pia.

"Kaka, zima injini! Midomo inabadilika rangi!"

Mkasi akaruka nje akainua boneti. Mdomo ule aliouacha wazi kwa mkono wake ulikuwa unatema moshi wa buluu, na moshi unajikunja kama nyoka, unaingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo, moja kwa moja walipoketi mkewe na mwanawe. Shemeji alikuwa amezima, lakini mdomo uliendelea kufuka. Na hata ukikoma, foleni nzima ilikuwa inafuka. Mpira! Angepata mpira tu, njia ikifunguka wapande mlima mtoto akiwa hai.

Akalikimbilia gari la mbele, la aina ileile.

"Kaka yangu, fungua boneti, nikope kitovu chako! Mtoto ananifia!"

Dereva akamtazama. "Mkasi? Kitovu gani tena? Si ulikikata wewe?"

Akafungua hata hivyo. Kizibo chekundu. Akaenda la pili, la mama mmoja mwenye miwani. Kizibo chekundu. Akaenda la tatu, boneti inamponyoka. Kizibo chekundu, kimepakwa vizuri, kazi safi. Akatupa macho juu ya mlima, akaona magari yaleyale yamepangana mpaka kona, na wingu juu yake.

"Baba watoto!" Sauti ya mkewe haikuwa ya mtu anayeita, ilikuwa ya mtu anayezama. "Filimbi imekatika. Simsikii tena!"

Akarudi mbio, akamnyakua mtoto, akamlaza kifuani. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Akaiacha barabara, akapanda ukingo wa udongo kwa magoti, akashika kijia cha juu ambako upepo ulikuwa unapita. Mkewe nyuma, peku, anasali kwa sauti.

"Mkasi!" dereva mmoja akapiga kelele kutoka chini, hajui lolote. "Leo gari limekushinda?"

Mkasi alikuwa anamwambia mtoto, "Vuta, mama. Vuta kidogo tu. Hapa pana hewa, nakuapia hapa pana hewa." Kichwa cha mtoto kikawa kinagongagonga bega lake bila kushikilia.

Mlangoni pa hospitali muuguzi hakuuliza jina. Alimpokea mtoto, akamlaza, akamchoma sindano, akamfunika pua na mdomo kwa kifuniko chenye mpira mrefu uliotoka kwenye mtungi mkubwa wa chuma. Wakasimama. Kifua hakikusema kitu. Mkewe Mkasi akauma upindo wa khanga yake.

Kisha ikasikika, nyembamba, mbali, kama ya mtu anayejifunza. Filimbi.

"Bado hatujavuka," muuguzi akasema. "Usiku wa leo ndio utakaotuambia. Tokeni nje kidogo nimwangalie."

Mama akatoka. Baba hakutoka. Muuguzi alipogeuka alimkuta amepiga magoti kando ya mtungi, ameushika ule mpira kwa mikono yote miwili, mikono myeusi ya oili, ameuinua usiguse sakafu wala usijikunje.

"Baba, achia. Umefungwa vizuri, hautoki."

"Najua," Mkasi akasema, wala hakuachia.