Maharage ya Mama Yanamngoja Kipupwe

Niliota usiku wa jana kwamba maharage ya marehemu mama yamekataa kupandwa.

Yamo kibuyuni, yamelala kwenye majivu, vilevile alivyoyahifadhi mama kule Lushoto. Ndiyo mbegu yake pekee iliyobaki. Ikipotea, basi tena. Nami huku Muheza nilikoolewa nimeshaandaa matuta, maana kwetu milimani masika yakianza tu, tunapanda.

Guguta la hindi lililoziba kibuyu linajichomoa. Harage moja linatoa kichwa na kukohoa majivu.

"Dada, unatupeleka wapi?"

Kuniita dada ni haki yake. Tumelelewa jiko moja.

"Shambani. Masika yameanza."

"Masika ya wapi?"

Nafungua mlango wa uani nilioneshe, natokea shambani kwa mama, Lushoto, kwenye ukungu. Naurudishia, naufungua tena: Muheza, jua kali. Masika mwenyewe amekaa juu ya tuta langu, jimama lenye kanga mbichi, anajipepea kwa ungo.

"Karibu upande," ananiambia. "Ila hao wadogo zako maua yao yatapukutika, nakwambia mapema. Joto langu hata mimi linanishinda."

"Sasa nipande lini?"

"Nikichoka mimi, anaingia Kipupwe. Mwezi wa sita hivi. Yule hana makuu."

Kipupwe tayari yuko nyuma yangu, mwembamba, koti mkononi. Anayauliza maharage kama yanapenda kulala dirisha wazi. Yote yanaitikia. Nikafurahi kupita kiasi. Tangu tumzike mama sikuwa nimetulia hivyo.

Yakaanza kupangana, maana kwetu shimo moja mbegu mbili. Yakabishana nani anakoroma. Mwisho likabaki moja halina mwenzake.

"Na mimi, dada, nitalala na nani?"

"Utalala kwangu mpaka mwezi wa sita."

Nikaamshwa na kiwiko cha mume wangu, Mbelwa. Nje mvua inanyesha.

"Mke wangu, kuna kitu kinanichoma mgongoni."

Akapapasa, akatoa harage lenye majivu. Tukatazama kibuyu ukutani. Guguta limekaza palepale.

"Limetokaje hili? Haya, mvua hiyo, twende tukapande."

"Bado," nikasema.

Nikalilaza katikati yetu, nikalifunika shuka. Mbelwa alinitazama kidogo, kisha akasogea ukutani kulipisha.