Kivuli cha Nambari Kumi na Mbili

Kufikia saa nne asubuhi Wekulo alikuwa ameshafunga vivuli tisa vya turubai juu ya roshani. Miaka hiyo ya sabini turubai ilikuwa turubai kweli, nzito, ya mistari ya kijani na nyeupe. Ukizungusha hendeli inatoka polepole, inafunika roshani yote, ukizungusha tena inajikunja. Alikuwa ametoka mtaa wa Lindi, hapo hapo mjini, kwa miguu nyasi zikiwa bado na umande, nyundo, tindo na spana ndani ya kiondo, mpaka Riruta Satellite kwenye gorofa za wazee wastaafu. Kesho yake mgeni wa heshima angekuja kuzifungua.

Vilibaki vitatu, na vyote vilikuwa vya upande wa mbele. Upande wa nyuma, unaopigwa na jua mchana kutwa, haukuandikiwa hata kimoja.

Huko nyuma, nambari saba, alikaa Mama Filister, aliyekuwa nesi wa wodi miaka thelathini. Juzi tu alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho, na daktari alimkataza jua. Alimwita Wekulo akamtilia chai kwenye kikombe cha bati.

"Kwetu Yimbo mama yangu alizeeka vizuri," akasema. "Asubuhi kigoda kiko huku, jioni kiko kule. Anazunguka nyumba na kivuli chake. Sasa mimi, fundi, hapa nitazunguka wapi?"

Wekulo akapuliza chai yake. Alikuwa akikiona kigoda cha nyanya yake kule Kimilili, cha miguu mitatu, kilichong'aa kwa kukaliwa. Yeye ndiye aliyekuwa akikihamisha, na nyanya akimfuata taratibu, akimsifu kama kwamba amehamisha mlima.

Akamwendea msimamizi, Bwana Lazarus, akamweleza kwamba nambari kumi na mbili ya mbele haina mtu, kivuli chake kingefaa kule nyuma. Lazarus akasema picha zitapigwa kutoka barabarani, pengo litaonekana kama jino lililong'oka.

"Na huko nyuma nani ataona?" akaongeza.

"Mama Filister."

"Si ndiye huyo aliyepasuliwa jicho?" Lazarus akacheka, akaenda zake Kawangware kutafuta viti vya wageni.

Wekulo akamaliza viwili vya mbele, kisha akapanda ngazi huko nyuma. Akatoboa ukuta wa nambari saba, akatia breketi mbili za chuma kwa saruji, akaikunjua ile turubai ya nambari kumi na mbili. Mama Filister alikaa chini yake saa nzima, miguu ameinyoosha, akihadithia samaki wa kwao.

Lazarus aliporudi alihesabu vivuli kwa kidole, akafika kumi na moja. Hakupiga kelele. Alimwambia Wekulo aache mchezo, kama bado anataka kuitwa kwa kazi mji huu.

Wekulo akaishusha turubai. Mama Filister mwenyewe ndiye aliyemshikia ngazi.

Lakini breketi hakuzitoa. Alisema saruji imeshakamata, ukuta utabomoka. Kisha akafunga waya wa kuanikia nguo kutoka breketi moja hadi nyingine, akaufunga kwa mafundo manne, wala hakuambiwa na mtu.

Saa kumi, akiteremka kwenda nyumbani, aligeuka. Mbele, kivuli cha kumi na mbili kilikuwa kimetandazwa juu ya roshani isiyo na hata kiti. Akapita kwa nyuma. Kwenye ule waya lilining'inia shuka la buluu, lenye muhuri wa nyumba ya wazee katikati, na chini yake ilionekana miguu miwili, imenyooshwa.