Sanduku la Vernal Lisilo na Ulimi

Sanduku jeusi halina ulimi, likisema vikombe vya jirani vinacheza. Kitendawili hicho Renelle, mjukuu wangu, alikijua kabla hajajua kufunga viatu. Jibu lilikuwa pale pale sebuleni kwetu, mtaa wa Handsworth: spika alizoziunda marehemu mume wangu, Vernal, kwa mbao za makabati, akazitumia kupiga muziki wa kwetu Jamaika katika harusi za mtaa mzima.

Basi mtoto akakua na mngurumo wa besi ya spika zile kifuani na vitendawili vyangu mdomoni, akawa mchanaji wa mistari, yaani rapa. Wenye studio wa London wakamwambia, "Sauti unayo. Ila maneno ya bibi yako yaache, na hizo besi za kizee." Akaja kwangu amenyong'onyea.

"Bibi, Jumamosi nachana hapa kwetu. Watu wasipodai santuri irudishwe mwanzo, nitafanya wanavyotaka London."

"Na wakidai?"

"London watanifuata mimi."

Nikaenda ukumbini na dada Icilda wa kanisani, ambaye tangu abatizwe hajakanyaga dansi. Clifton, mpiga santuri, alikuwa amezipanga spika za Vernal mbele. Renelle alipopanda tu, kijana mmoja akamzomea, "Binti, umekuja kuchana au umepotezana na bibi yako?"

"Bibi yangu yule pale, mwenye kofia ya zambarau. Wako anajua uko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Besi ikashuka, meno yangu ya bandia yakatikisika. Akachana juu ya zamu za mama yake hospitalini, mchuzi wa mbuzi wa Jumapili, Vernal na msumeno wake. Kisha akasema, "Sanduku jeusi halina ulimi..." Hakumaliza. Ukumbi mzima watu wakapiga kuta kwa viganja. Clifton akaidaka santuri, ikakoroma, ikanyamaza.

Icilda akasimama, mkoba juu. "Mnamzimia mtoto muziki? Clifton, mimi ndiye niliyekufundisha Biblia."

"Keti, dada," nikamwambia, machozi yananitoka. "Wanautaka tena tangu mwanzo. Wimbo mtamu hapa haufiki mwisho mara ya kwanza."

Ukaanza upya, wakaurudisha tena. Yule mzomeaji alipiga ukuta kuliko wote. Ndipo Renelle akashuka, akaniletea kipaza sauti. "Bibi, tega."

Nikatega. Wakajibu kwa pamoja, wazee kwa vijana: "Spika za Vernal."

Jumatatu London wakapiga simu. Renelle akawaambia waje Handsworth, tena waje na njaa. Mbuzi nimeshamkolezea viungo.