Kabla Meza Hazijatolewa

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na tisa Februari, asubuhi, pale walipomtundikia Nyamizi kipande cha boksi juu ya kitanda cha hospitali, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: ASILE CHOCHOTE. Eti anasubiri kupasuliwa. Mkubwa wa kupasua yuko semina. Ijumaa yuko semina. Jumamosi semina imeongezwa siku, na Nyamizi, midomo imemkauka, anamwambia mumewe, Baba Shija, nikitoka hapa unipeleke mgahawani, mgahawa wa watu kabisa, nikale sato wa kukaanga. Jumapili wakamfunika shuka, na kile kiboksi wakakiacha palepale, kana kwamba maiti naye anaweza kuiba ugali. Tangu hapo mumewe, Luhende, fundi baiskeli, mtu wa darasa la nne, halali. Anagaragara tu na kuwatukana wakubwa mmoja mmoja mpaka sauti inamwisha.

Lakini leo anageukia ukutani na ukuta haupo, kuna pazia la shanga, anapita, shanga zinamgonga kichwani moja moja, na mbele kuna barabara inayonyooka huku inapinda, akienda anarudi, akirudi anafika. Ni mji wao, ila umegeuzwa kama kwenye kioo cha kinyozi: mashine ya kusaga iko kulia badala ya kushoto, vibao vimeandikwa kinyumenyume, naye havimsumbui, maana hata vilipokuwa sawasawa alivisoma kwa shida. Kila kona kuna mgahawa, na kila mgahawa ni uleule. Mlangoni amesimama baunsa mpana asiye na uso, pale pa uso pamelainika kama kitako cha sufuria mpya. Anamgonga muhuri wa bluu kiganjani. Utunze, anasema. Kwenye chakula unakaa kwa tumbo, kwenye muziki unakaa kwa muhuri. Na muziki unaanza saa ngapi? anauliza Luhende. Meza zikitoka, wenyewe unaingia.

Ndani amekaa Nyamizi. Amevaa kitenge chake cha maua ya njano, amesuka, mzima kabisa, isipokuwa kile kipande cha boksi kinaning'inia shingoni mwake kwa uzi. Umechelewa, Baba Shija, anasema. Nilikuwa nakuja, Mama Shija, barabara za huku hazitulii. Wewe na visingizio, hata kaburini utachelewa! Anacheka, na Luhende anacheka, na mhudumu, hana uso na yeye, analeta sato mzima, mkia unatoka nje ya sahani, ugali unafuka, pilipili pembeni. Nyamizi anameza mate. Hamgusi. Mpaka aliyenitundikia hiki aje akitoe, anasema, ndivyo walivyosema, na wao ndio wenye kusema. Luhende anamgeukia mhudumu: mkubwa wenu yuko wapi? Yuko pale alipokuwa mara ya mwisho alipotafutwa. Ndiyo wapi? Huko asikoonekana. We kijana, nitakupiga na kiti! Kiti ndicho hicho kinaondoka, anasema mhudumu, na kweli, meza za ukutani zimeanza kubebwa miguu juu, kama mbuzi wa mnadani.

Anapanda ngazi kumtafuta huyo mkubwa. Ngazi inapanda, inapanda, kisha inamshusha ukumbini palepale, ila sasa taa ni nyekundu na muziki unampiga kifuani. Wamejaa watu wa makoti meupe na watu wa suti, beji zinarukaruka vifuani mwao, wanacheza, jasho linawatoka. Kumbe ndiyo semina yenyewe hii! Anamshika mmoja bega: nani kasema mke wangu asile? Muulize huyo wa mbele yangu. Wa mbele anasema, muulize wa nyuma yako. Anageuka, na wa nyuma ni yule wa kwanza. Wanamzungusha, wanamzungusha, mpaka wanadhani naye anacheza, mmoja anampigia makofi, mzee, kumbe unayaweza! Na kule mbali, kati ya mikono inayopungwa, meza ya Nyamizi imebaki peke yake, na watu wawili wameishika huku na huku.

Anakimbia, sakafu inakimbia kinyume chake, anafika, anakumbatia mguu wa meza. Chakula hiki hakijaliwa! Mhudumu anasimama mbele yake na birika na beseni. Hakuna tonge bila kunawa, anasema, na ukinawa, muhuri unafutika, ukifutika unatolewa, na ukitolewa mlango huu huuoni tena. Usiponawa utakaa naye, mtacheza mpaka kukuche, na huku hakukuchi. Luhende anamtazama mkewe. Anaweza kubaki naye. Shingo ni ileile, nywele ni zilezile. Lakini midomo bado imekauka, na macho hayamwangalii yeye, yanamwangalia sato. Atamchezesha vipi mtu mwenye njaa? Mimina, anasema.

Maji yanakuwa ya bluu kwenye beseni. Anamnawisha na Nyamizi, kidole kwa kidole. Anakata uzi kwa meno, boksi linaanguka miguuni mwa wachezaji, wanalikanyaga bila kujua. Nani karuhusu? anauliza Nyamizi kwa woga. Mimi, anasema, mimi Luhende, wakija uwaambie ni mimi. Anachambua miiba, anakata tonge, analibonyeza, analichovya pilipili kidogo tu, kama apendavyo mwenyewe, na tayari baunsa amemshika ukosi. Subiri, bwana, tonge moja! Anavutwa. Ananyoosha mkono, Nyamizi naye anasogeza shingo, anafumbua mdomo, vidole vinagusa meno, mdomo una joto, na shanga zinamgonga kichwani moja moja.

Yuko chini, sakafuni kwake. Au ni sakafu ya kule, maana dirisha analikumbuka kushoto, nalo liko kulia. Mahali fulani baa bado inapiga muziki uleule. Ananusa vidole: sato. Nyumba hii haijaingia samaki tangu Februari. Kiganja kimelowa, na kwenye mistari yake umebaki ubluu kidogo. Tonge halimo mkononi. Anapapasa mkekani, halipo. Chini ya kitanda, halipo. Jirani anagonga ukuta: Baba Shija, kuna nini tena humo? Tuache tulale, baba! Ananyoosha mkono gizani, palepale ulipokuwa mdomo, anauliza polepole: Mama Shija, ulimeza?